Maneno Yote ya Hamadi

Gitega, Jumapili, 9 Februari

Mvua imerudi leo baada ya jua la wiki mbili, na mimi, Zaituni binti Sefu, nimeitwa na vyuo viwili ndani ya siku tano. Nimeona niandike, kwa sababu nikilisema kwa mdomo Mama ananiambia ninyamaze, nitajitia kijicho mwenyewe.

Jumatatu ilikuja barua ya Ufaransa. Shahada ya uzamili katika elimu ya viziwi, miaka miwili, ufadhili wote juu yao. Ijumaa ikaja ya Kampala. Shahada kama ile, ufadhili kama ule, ila wao wanataka kunihoji kwanza kwa video. Wote wanataka jibu la mwisho tarehe 30 Aprili.

Nina miaka ishirini na saba. Nafundisha hesabu katika shule ndogo ya viziwi hapa mjini. Kazi hii niliichagua kwa ajili ya kaka yangu Hamadi, ambaye homa ya uti wa mgongo ilimchukua masikio akiwa na miaka mitatu. Tangu nilipojua kusema, mimi ndiye niliyemsemea: nyumbani, sokoni, kwa daktari. Katika maombi yote mawili nimeandika, "Mimi ni sauti ya kaka yangu." Nadhani ndiyo sentensi iliyowagusa.

Humu nakiri, kwa kuwa hakuna atakayesoma: moyo umekwisha kupanda ndege. Nataka kuona theluji. Nataka nikirudi watu wageuke nikipita, waseme, yule katoka Ufaransa.

11 Februari

Baba ameliambia soko zima. Mama wa vitunguu amenisalimia, "Bonjour, madame!"

15 Februari

Nilimpelekea Baba chakula sokoni. Anauza vitenge, na hakuna mtu anayepima kitambaa kwa mkono haraka kama yeye. Nikajaribu kumwambia habari za Kampala.

"Kampala?" alisema bila kusimamisha mkono, kana kwamba ni mji wa madereva wa malori tu. "Kampala ata chauffeur wa camion anafika. Mi mwenyewe nimefika mara ine kuleta mabalo ya vitambaa. Mahali baba yako anafika na mabalo, we unaenda kutafuta masomo gani?"

"Baba, kule kuna walimu ambao wenyewe ni viziwi."

"Bon, iko muzuri. Mais Bulaya ni Bulaya."

Mteja wake, mwanamke wa Giheta aliyekuja kuchagua nguo za harusi ya binti yake, akaitikia kwa ndiyo ya Kirundi: "Ego, Bulaya ni Bulaya." Baba akamwongezea nusu mita.

Mama aliuliza jambo moja tu: kule Ufaransa kuna watu wanaofunga?

20 Februari

Mvua. Darasa la tatu linavuja, wanafunzi wote tumewabana upande wa dirisha.

26 Februari

Leo wakati wa mapumziko Bahati, msichana wa miaka kumi, aliwasimulia wenzake jambo. Mikono yake ilikwenda mbio, uso ukawa mara wa bibi kizee, mara wa mbuzi, mara wa askari. Watoto walicheka hadi mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Nikamwomba anisimulie na mimi.

Akanitazama kidogo. Kisha akafanya alama kubwa, polepole: mbuzi, maji, kuanguka.

Nilicheka kwa adabu. Nilijua hadithi haikuwa na maneno matatu.

Kasilda alikuwa mlangoni akaona yote. Yeye anafundisha Kifaransa cha kuandika. Alizaliwa kambini Tanzania na familia yake ilirudi Butihinda yeye akiwa msichana mkubwa, na Kiswahili chake kimenyooka hata wauzaji wa soko humuuliza kama anasoma habari redioni.

"Amekufupishia," alisema.

"Watoto ndivyo walivyo."

"Mm," alijibu Kasilda.

1 Machi

Ramadhani. Nimerudi kutoka sokoni saa nane nikalala kama gogo.

10 Machi

Mambo mapya. Atakayenihoji Kampala anaitwa Daktari Nalwanga, naye ni kiziwi. Ameandika kwamba mahojiano yana sehemu mbili. Ya kwanza atanihoji mimi. Ya pili niende na mtu kiziwi anayenifahamu vizuri, "naye nitamuuliza habari zako."

Profesa wa Ufaransa naye ameandika barua ya upole kabisa na orodha ya masomo. Kuna somo zima juu ya ubongo na usikivu, na jingine juu ya vifaa vinavyopandikizwa sikioni. Nimemsomea Baba. Hakuelewa kitu, akafurahi sana.

Muyinga, Jumamosi, 15 Machi

Petroli imeadimika tena. Nilisubiri gari kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tano, tukapita Karuzi kwenye mvua, nikafika Muyinga alasiri.

Hamadi ana miaka thelathini na moja, na anaishi kwa shangazi yetu Fatouma tangu akiwa na miaka kumi na mmoja. Ni fundi wa bati. Nyuma ya nyumba anatengeneza imbabura, majiko yetu ya mkaa, na ndoo, na mabomba ya kukinga maji ya mvua. Jirani wa kwanza alihama kwa kelele, wa pili akahama, na Hamadi anaendelea kugonga akiwa katika amani yake.

Nilimweleza kuhusu Kampala. Akaweka nyundo chini.

"Wataniuliza mimi?"

"Ndiyo."

"Si wewe?"

"Wewe."

Alijifuta mikono kwenye suruali, akaitazama, akajifuta tena. Kisha akauliza kama inafaa avae koti.

24 Machi

Nimesahihisha mitihani ya darasa la sita. Mvua.

31 Machi

Idi imepita salama. Hamadi amekuja, na koti analo. Pilau ya Mama ililiwa hadi sufuria ikaonekana imeoshwa.

Jumatano, 2 Aprili

Nataka kuandika kwa mpangilio ili nisijitetee.

Mwalimu mkuu, Bwana Nazario, alitupa ofisi yake na kompyuta ya shule. Umeme ulikuwepo, mtandao ulikuwepo, hata nikaanza kuogopa. Saa tisa kamili Daktari Nalwanga akatokea kwenye kioo: mwanamke wa makamo, miwani mikubwa, uso wenye kicheko kilichofichwa. Aliniuliza maswali yangu kwa alama na kwa maandishi. Robo saa tukawa tumemaliza. Kisha akaniomba nisogee, kaka yangu akae peke yake.

Nilijitolea kukaa kando nimtafsirie Hamadi. Akaandika: "Asante, hapana. Tutaelewana."

Alama za Kampala si za kwetu. Mwanzoni walijaribu moja, wakaitupa, wakachukua nyingine. Hamadi alichora hewani bati, mkasi, moto, akaonyesha jinsi jirani alivyohama na godoro kichwani. Baada ya dakika kumi walikuwa wanakwenda mbio. Baada ya ishirini Daktari alivua miwani akafuta machozi ya kucheka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wageni, na nilichokipata, nikisema kweli, ni nusu. Labda haikufika nusu.

Katika hiyo nusu nimejifunza haya juu ya kaka yangu mwenyewe. Kwamba kila Jumapili viziwi kumi na wanne wa Muyinga na vijiji vya jirani hukutana uani kwake, na yeye ndiye anayeongoza. Kwamba mwaka jana alipatanisha ndugu wawili waliogombea shamba. Kwamba kuna mwanamke aliyemkataa, na kwamba anaisimulia kukataliwa huko kwa namna ambayo hata mwanamke mwenyewe angecheka. Sikuwa najua kuna mwanamke.

Halafu Daktari akamuuliza, polepole, nadhani makusudi ili nami nione: "Dada yako anajua lugha ya alama?"

Hamadi aligeuka akanitazama. Hakuficha mikono.

"Anajua kula, njoo, Mama anakuita, mvua inakuja. Ananipenda sana. Lakini nikisema maneno mia, watu anawapa matano."

Akamsimulia matanga ya baba mdogo Aboubakar, fundi wa bati wa Muyinga, mwaka juzi. Watu walipoambiwa waseme lolote juu ya marehemu, Hamadi alisimama. Alieleza jinsi mafundi wengine wote wa Muyinga walivyokataa mtoto asiyesikia, na baba mdogo akamchukua. Jinsi alivyosimama nyuma yake mwaka mzima, akimgonga bega mara moja kumwambia piga, mara mbili kumwambia acha. Na jinsi siku moja alivyoondoa mkono begani na Hamadi akaendelea kupiga bila kujua kwamba tayari ni fundi. Alieleza kwa muda mrefu. Watu wakanigeukia mimi wapate maneno.

Mimi nikasema, "Anasema amehuzunika sana."

Naikumbuka siku ile. Jua lilikuwa kali, chakula kilikuwa kinangoja, na wazee walikuwa wanatazama saa. Nilidhani nimefanya vizuri. Mtu mmoja hata alinisifu.

Leo tulirudi nyumbani kwa miguu, kila mtu na upande wake wa barabara.

3 Aprili

Nimepika. Hamadi akafanya alama ya "tamu". Nikafanya ya "asante". Ndiyo yote. Sasa naona kwamba miaka yote ndiyo yote.

5 Aprili

Amerudi Muyinga. Ameniachia jiko jipya mlangoni bila kusema ni la nani.

Jumapili, 6 Aprili

Nilimweleza Kasilda kila kitu, nikitegemea atanionea huruma. Alisikiliza huku anamenya viazi.

"Kambini kulikuwa na mkalimani mmoja," alisema. "Siku ya kuandikishwa, baba yangu mzee Longino alieleza safari yake tangu nyumbani hadi mpakani. Ng'ombe walivyobaki. Mama yangu alivyoshikwa na uchungu njiani. Jina la mtu aliyewavusha mto. Alieleza saa nzima. Mkalimani akamgeukia mwandishi akasema, 'Amekimbia vita.'"

"Baba yako akafanyaje?"

"Akasema, 'Kumbe lugha yao ni kali! Maneno yangu yote yameenea katika mawili.'"

Tulicheka mpaka kisu kikaanguka. Kisha Kasilda akaacha kucheka kabla yangu.

"Lakini baba hajamsahau yule mkalimani hadi leo, Zaituni. Na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu."

9 Aprili

Nimemwomba Bahati anirudie hadithi ya mbuzi, yote, kwa mwendo wake. Nimemsimamisha mara saba. Mbuzi alikunywa maji ya kutawadhia ya bibi na kumwaga yaliyobaki, bibi akamshtaki kwa askari, askari akateleza kwenye maji yale yale. Ni hadithi nzuri mno.

Jumatatu, 14 Aprili

Kampala wamenikubali, kwa sharti. Muhula wa kwanza nitakaa darasa la lugha ya alama pamoja na wanaoanza. Kisha mafunzo yenyewe: kufundisha viziwi, na kuandaa wakalimani wa hospitali, mahakama na shule. Daktari Nalwanga ameongeza mstari mmoja: "Kaka yako amekuombea nafasi. Anasema una mikono mizuri, umeinyima kazi tu."

Baba alisoma sharti lile mara mbili. "We uko na licence ya université! Halafu ukae na watoto wa première année, mwaka ya kwanza, wakufundishe bonjour?"

Bwana Nazario naye, ambaye huwa hasemi jambo bila kulipima, amesema Ufaransa. "Mwalimu, mimi nimeandika barua wizarani miaka tisa. Wewe ukirudi na karatasi ya Ulaya, watakufungulia mlango kabla hujabisha."

Anasema kweli, na hilo ndilo linaloniudhi.

17 Aprili

Nimeota theluji. Ilikuwa ya moto.

Muyinga, Jumamosi, 19 Aprili

Kasilda alikuwa anakwenda kwao Butihinda kwa Pasaka, tukapanda pamoja hadi Muyinga. Nilienda moja kwa moja uani kwa Hamadi. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi, na alama zake nilizifanyia mazoezi mbele ya kioo.

Nilimwambia, "Kwenye matanga nilikula maneno yako. Nisamehe."

"Umefanya alama ya kula chakula," alisema. "Umesema ulikula pilau yangu."

Basi tukaanza vizuri.

Nikamwambia nafikiria Kampala. Nilitegemea atafurahi. Akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Nenda Ufaransa."

"Lakini wewe mwenyewe uliniombea nafasi!"

"Niliomba ili uwe na mbili. Mwenye mbili anachagua. Sasa chagua vizuri: nenda Ufaransa."

Akaendelea, na kila nilipopotea nilimshika mkono nikamwambia sijaelewa, rudia. Alirudia. Nilihesabu mara kumi na moja. Sababu yake ni hii, nzima: wakubwa hawasikii maneno, wanasikia mahali maneno yalikotoka. Kiziwi akisema jambo, hapana. Dada wa kiziwi akisema, labda. Dada aliyesoma Ufaransa akisema jambo lile lile, wanaandika. Yeye hataki dada mzuri, anataka dada anayesikilizwa.



Jumapili, 20 Aprili

Leo nimewaona wote kumi na wanne. Wakristo walikuja na nguo za Pasaka, shangazi Fatouma akapika chai ya tangawizi ndoo nzima. Uani kulikuwa kimya na kulikuwa na fujo kuliko soko.

Hamadi aliwaeleza swali langu wakaanza kubishana. Yakobo, mwashi, alitaka Ufaransa ili nirudi na vifaa vya masikio. Mwingine akamwuliza betri za vifaa hivyo atazichajia wapi, kwa Yakobo umeme unakuja mara mbili kwa wiki. Wawili walitaka niende Ufaransa kwa sababu wanataka picha. Mzee mmoja alitaka nisiende popote, niolewe.

Kisha akasimama Vumilia. Anauza maparachichi kando ya soko, ana mtoto wa mwaka mmoja ambaye anasikia. Alisimulia alivyojifungua. Nimeomba ruhusa yake niandike.

Alipofika kujifungua, mkunga alikuwa mwanamke mwema, ila midomo ilikuwa chini ya barakoa. Vumilia hakujua aambiwacho. Alipotakiwa kungoja alisukuma, alipotakiwa kusukuma alingoja. Aliona macho ya mkunga yanakuwa makubwa, akadhani mtoto amekufa. Aliamini hivyo kwa saa nzima, huku mtoto yuko hai, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwambia.

"Uende unakotaka," alinimalizia. "Mimi nauliza moja. Wapi watakufundisha ili mkunga yule na mimi tuelewane?"

Mtoto wake alilia, na ni mimi na shangazi tu tuliogeuka. Vumilia akatuona tumegeuka, ndipo naye akageuka.

Gitega, 21 Aprili

Nimezitandaza orodha mbili za masomo kitandani. Ya Ufaransa ni nzuri. Ingefaa mji wenye madaktari wa masikio. Ya Kampala ina neno "wakalimani" katika mistari sita. Nililiona tangu Februari. Nilipita juu yake kama mtu anayeruka dimbwi.

Nimelia kidogo kwa ajili ya Ufaransa. Nimeona nastahili.

Alhamisi, 24 Aprili

Nilimwambia Baba. Hakupandisha sauti. Alikunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena.

"Hamadi anasema nini?"

Sikuweza kudanganya. "Anasema Ufaransa."

Uso wa Baba ukang'aa. "Eh! Samedi tunaenda Muyinga sisi wawili. Mtoto wangu iko na akili. Atakuambia."

Muyinga, Jumamosi, 26 Aprili

Tulikaa uani, Baba kwenye kiti cha shangazi, Hamadi kwenye gogo lake la kufulia bati, mimi katikati. Na hapo ndipo nilipogundua hali yangu: hakuna mwingine wa kutafsiri. Nilitakiwa kumpa Baba, neno kwa neno, hoja za kunishinda mimi.

Nilijiapiza. Kila neno.

Hamadi alisema, nami nikasema. Aliposema kwamba wakubwa husikia mahali na si maneno, nilimpa Baba hivyo hivyo, na Baba akapiga goti: "C'est ça!" Aliposema kwamba dada yake anapenda raha ya kuonekana mnyenyekevu, nililisema hilo pia, na masikio yalinichoma. Nilipokwama nilimwambia Baba, "Ngoja, sijashika," nikamwuliza Hamadi, nikaendelea. Baba aliuliza maswali. Hamadi alijibu kwa mifano. Alimwiga mkubwa wa ofisi anayesoma muhuri kabla ya barua, na Baba akacheka kabla sijafungua mdomo.

Ilipita saa nzima. Hoja ya Ufaransa ilikuwa imekwisha zamani. Walikuwa wanaongea habari za bei ya bati, za baba mdogo Aboubakar, za kwa nini gari la Baba liliharibika mjini Ngozi mwaka ule. Kisha Hamadi akauliza jambo jingine.

"Kwa nini ulinileta hapa Muyinga nikiwa mdogo? Uliniona aibu?"

Zamani ningesema, "Anauliza habari za zamani." Nilisema alivyosema.

Baba alivua kofia yake.

"Mwambie hivi. Na umwambie yote." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Aibu ilikuwa. Lakini haikuwa yake, ilikuwa ya mi. Kila siku mtoto ananiangalia anataka nimuambie kitu, na mi sijue kumuambia. Nikasema, ndugu yangu Aboubakar iko na ufundi, labda yeye ataweza. Nikaleta mtoto, nikarudi Gitega, mu njia yote sikukula. Mwambie."

Nilimwambia. Nilimwambia hata njia na kutokula. Hamadi aliangalia mikono yangu hadi ilipotulia, kisha akasema, "Mwambie nilidhani nilivunja kitu nyumbani. Miaka mingi nimetafuta ni kitu gani."

Baba aliposikia alisimama, akaenda kwenye gogo, akakaa kando ya mwanawe. Gogo ni dogo kwa watu wawili. Wakabanana. Hamadi akaniambia, "Mwambie amenenepa," nikamwambia Baba amenenepa, na ndipo wote wawili wakaweza kupumua.

Shangazi akaleta chai. Baada ya kikombe cha pili Baba akanigeukia.

"Donc kazi ile unataka kusomea ni hii? Ya kuambia mtu maneno yote?"

"Ni hii, Baba."

"Na uliifanya leo. Lakini ulikuwa unakwama."

"Nilikwama sana."

"Ufaransa watakufundisha usikwame?"

"Hapana. Wana mengine mazuri. Hilo ni Kampala."

Alitazama chai yake. "Bon. Basi uende kwenye wanafundisha kazi." Kisha, kwa kuwa ni Baba: "Na bus ya kule mi naijua yote. Nitakuonyesha ya muzuri."

Nikamtafsiria Hamadi. Akarusha mikono juu: yeye alikuwa akimsaidia Baba, sasa Baba amehamia upande wa pili na kumwacha peke yake na Ufaransa yake. Nikamwambia Baba hilo nalo.

Gitega, Jumanne, 29 Aprili

Saa nne asubuhi nimebonyeza "ninakubali", Kampala. Kwa Profesa wa Ufaransa nimeandika ukurasa mzima, nimemweleza sababu zote. Amejibu mchana: anasikitika, anaelewa, na kama nitaandika chochote juu ya wakalimani wa Burundi nimtumie. Mtu mwema yule.

Bwana Nazario amepumua kwa nguvu, kisha amesema ataendelea kuandika barua zake, mwaka wa kumi.

8 Mei

Mama ameuliza kama Kampala wanafunga. Nimemwambia misikiti imejaa. Ameanza kunishonea mto wa safari.

19 Mei

Mvua imekata. Maharage yanaanikwa kila uwanja, hata mbele ya shule.

Jumamosi, 31 Mei

Leo jioni nilirudi nyumbani nikamkuta Baba sebuleni, simu ameiegemeza kwenye bakuli la sukari. Kwenye kioo alikuwa Hamadi. Kwa wiki tatu sasa Bahati amekuwa akipita sokoni baada ya shule kumfundisha Baba alama, kwa malipo ya vipande vya vitenge vya kumvalisha mwanasesere wake. Mimi nilifichwa.

Baba alikuwa anajaribu kumwambia Hamadi kwamba mavuno ni mazuri. Niliona wazi kwamba alichokisema ni kwamba maharage yameoa. Hamadi aliinama kwa kicheko, akapotea kwenye kioo, akarudi, akauliza harusi ni lini. Baba hakuelewa. Akamfanyia: rudia. Hamadi akarudia. Baba akafanya tena: rudia.

Nilipiga hatua moja niwasaidie.

Kisha nikarudi kinyumenyume hadi jikoni, nikafunga mlango, nikamwambia Mama chakula kingoje.